Ukurasa wa Tisini

Kibaigwa. Taa ya sola imebakiza saa moja.
Nafungua kitabu cha maswali na majibu,
cha mtumba, jalada limeshikwa na gundi ya viraka.
Swali la kumi na nne:
geuza sentensi iwe kauli ya kutendwa.
Jibu, tazama ukurasa wa tisini.

Tisini haupo.
Themanini na nane haupo.
Kule sokoni dereva wa lori la mahindi
anatafuna karanga za mama,
anafutia vidole vya chumvi kwenye jibu langu.

Mtihani keshokutwa. Nimwamshe nifoke?

Kanuni naikumbuka: mtendwa mbele,
mtendaji, ukipenda, mwache.

Basi naandika, kwa Kiingereza changu kinachochechemea:
majibu yalifungiwa karanga.

Na nani, sisemi.
Naweka nukta.