Korija

Picha iliyokaa kwenye kidaka cha katikati,
baina ya bakuli la Kichina na chetezo,
ilikuwa ya mzee mwenye ndevu kama kichaka cha mkandaa.
Nyanya yangu, Bi Mwanashee, aliifukizia udi kila Alhamisi.
"Mato yake ni ya mtu wa ibada," alisema.
"Famau kamleta kutoka mbali. Sharifu wa huko, bila shaka."
Mjomba Famau alikohoa, akanyamaza.
Angemwambiaje mamake
kwamba sharifu huyo aliita dini kasumba?

Aliondoka mwaka wa sitini na mbili, njia ya Kairo, bila pasi,
akarudi na koti zito lisilo na kazi Lamu,
shahada ambayo serikali ilikataa kuisoma,
na maneno: tabaka, ubwanyenye, thamani ya ziada.
Kazi aliyoipata ni ukarani wa boriti,
bohari moja nyuma ya Langoni.

Usiku aliwafundisha wachukuzi,
mabega yamechubuka, viganja vyekundu kwa magome.
Hakuanza na kitabu. Alianza na korija.
"Boriti ishirini. Nani kazikata?"
"Sisi."
"Nani kazitoa topeni?"
"Sisi."
"Tano zawalisha. Moja ya chombo, moja ya kodi.
Kumi na tatu ziko wapi?"
Mmoja alihesabu kwa vidole, vikamwishia,
akaazima vya jirani.

Akawaeleza viwanda vya pamba vilivyokula watoto Ulaya,
mji wa Paris uliojitawala siku sabini na mbili
kabla ya kuoshwa kwa damu,
mwaka wa kumi na saba, askari waliochoka kufia wafalme,
mkate, amani, ardhi.
Alipotamka ardhi, walisogea.
Babu za baadhi yao walilima mashamba ya Mkunumbi,
jembe la bwana,
na mkono ulioshika jembe wa bwana pia.

Ndipo Kombo Madi, mzaliwa wa Siyu, akauliza:
"Mwalimu, huko walikomwondoa bwana,
daftari la korija alilishika nani?"

Mjomba alipunguza utambi.
Mfukoni alikuwa na barua ya zamani ya Arkadi,
aliyelala naye chumba kimoja bwenini.
Babake Arkadi alichukuliwa alfajiri, mwaka wa thelathini na saba,
kwa jina la wachukuzi wote wa dunia.
"Tutaendelea kesho," alisema.

Kesho haikufika. Walifika polisi.
Wakachukua kitabu cha fizikia, maana jalada lake lilikuwa jekundu,
na kimoja cha mapishi ya kabichi.
Inspekta akasimama mbele ya kidaka.
"Na huyu?"
"Sharifu wetu," akajibu nyanya, chetezo mkononi.
Inspekta akavua kofia.

Miezi kumi na minne.
Alirudi amepungua meno mawili na hamu ya kubishana.
Siku redio iliposema bendera imeshushwa kule,
aliitisha chai, akaikoroga, akaikoroga,
na sukari hakutia.
Sikujua anamlilia nani: Arkadi, babake Arkadi,
wale wachukuzi, au lile koti,
ambalo panya walikuwa wamezalia mfukoni.

Leo jirani wa kulia ni Mtaliano, wa kushoto Mfaransa.
Jana dalali kaja na mteja. Mteja kaiona picha, kacheka,
kaniuliza bei, ya picha, si ya nyumba.
Nikamwambia huyo keshakula udi mwingi mno,
hauziki.

Usiku nalala chali. Dari ya chumba hiki
imebebwa na boriti ishirini, nimezihesabu tangu utoto.
Waliozileta hawakuandikwa popote.
Tano. Moja. Moja.
Nikizianza zile kumi na tatu nasinzia,
na ndani ya usingizi kuna mtu mwenye lafudhi ya Siyu,
hanigombezi,
ananiuliza tu daftari liko wapi.