Kutua Mara Tano

Kitabu changu cha saa kina doa la bibo.
Baba alikifungua mkono haujakauka,
akapima ukurasa kwa kidole:
"Magunia mawili, saa moja.
Kumbe shamba la Nanyamba linaruka."

Usiku huu, Mtwara, nadaiwa kutua mara tano,
peke yangu gizani.
Mkufunzi Hokororo kabaki chini, mikono mfukoni:
"Mnara utakusikia. Mimi nitakutazama tu."

Ya kwanza nikadunda.
Ya pili, afadhali.
Ya tatu umeme ukakatika Chikongola,
mji ukabaki nusu, kama mkate uliomegwa,
lakini taa za njia zikanijia mbili mbili,
mshono wa cherehani ya mama,
na magurudumu yakagusa lami bila kunishtua.
Ya nne siikumbuki.
Ya tano upepo wa kusi ulinisukuma ubavuni;
nikauinamia, kama mtu abebaye ndoo,
nikashuka.

Hokororo akaandika: nne.
"Ya kwanza hukutua. Uliangushwa."

Nyumbani baba hakuwa amelala.
"Zimebaki ngapi?"
"Kutua mara moja."
Akatazama ghala, akatazama kitabu.
"Hiyo moja ina kilo ngapi?"