Hawakupiga Hodi

Kwenye ramani ya rubani sehemu hii haina rangi.
Ziwa, ziwa, ziwa, kisha tarakimu
zenye maana: shuka chini upendavyo, hapana mtu.

Hapana Mtu ana hema.
Hapana Mtu ametandika sakafu kwa matawi ya msonobari,
tawi juu ya tawi, kama anayesuka ukili,
na jiko lake la bati linawaka tangu alfajiri.
Hapana Mtu anaitwa Nishapet, ana miaka sitini na mmoja,
anakanda unga, na leo kidole gumba kinamuuma.

Ndege hufika kabla ya sauti yake.
Hilo ndilo Matinen, mjukuu, ameshindwa kumweleza mwalimu:
kwanza unaona tumbo la chuma na misumari yake,
kivuli kinapita juu ya bakuli,
halafu, hujamaliza kusema "nini",
mbingu inachanika kama jora la bafta
mikononi mwa muuzaji mwenye hasira.

Mbwa alikata kamba. Hakurudi hadi Jumapili.
Birika lilimwagika.
Mkate uliingia majivu, ukaliwa hivyo hivyo.

Rubani ana miaka ishirini na minne. Si mtu mbaya.
Kwao, ng'ambo, wakulima waliandika barua:
ng'ombe wanakauka maziwa, vioo vya kanisa vinatetema.
Serikali ikasikia. Ya kwao ina masikio.
Ikatafuta mahali ambapo kelele
haina wa kuiandikia barua.

Na mwenye nyumba akaikodisha mbingu.
Mwenye nyumba nani? Swali hilo lina faili, lina mawakili,
lina umri kuupita uwanja wa ndege.
Babu zake Nishapet hawakutia sahihi popote.
Kodi, hata hivyo, inapokewa.

Wahenga wetu walisema wapiganapo fahali
ziumiazo ni nyasi.
Hawakutuambia habari za fahali wanaojifunza,
wanaokwenda kunoa pembe kwenye nyasi za mbali
ili siku yenyewe wasikosee.

Etuat, mumewe, aliokota bomu ufukoni mwa ziwa.
La mazoezi: ndani saruji tupu.
Akalizunguka siku mbili. Siku ya tatu
akalifunga kamba, likawa nanga ya wavu.
Linafaa, alisema. Halina kazi nyingine.

Yule mnyama mwenye pembe za matawi
wao humwita atiku.
Wazungu wana jina lao, na sikio langu la Kiswahili
hulisikia "karibu".
Nilicheka mara ya kwanza. Kisha nikaacha,
maana kwetu karibu haitangulii, karibu ni jibu.
Lazima kwanza mtu asimame nje aseme hodi,
arudie, arudie tena,
na akinyamaziwa, ageuke aende zake.

Mwezi wa sita kishindo kilimtimua mama.
Ndama Etuat alimkuta palepale,
miguu minne imepanuka, anatazama juu.
Hakumpiga risasi. Hakujua amfanyie nini.

Ndipo Nishapet alipokwenda mjini,
akapita chini ya waya, yeye na birika,
akaketi katikati ya njia ya kurukia.
Askari walimbeba pamoja na kiti chake.

"Ulijua," hakimu aliuliza, "kwamba haparuhusiwi watu?"
Mkalimani alichukua muda.
Nishapet hakuchukua.
"Ramani yenu inasema hapana mtu.
Sasa hapa mmemkamata nani?"

Hakimu alifungua kinywa,
na wakati huohuo moja ikapita, chini, chini sana,
mahakama nzima ikainamisha vichwa,
wakili, karani, askari mwenye pingu;
Matinen peke yake, benchi la nyuma, hakuinama,
alikuwa anahesabu.

Karani hakuandika kitu.
Maji kwenye bilauri ya hakimu
yaliendelea kutetema peke yake.