Reli ya Mezani

Ukumbi wa kanisa, Kisumu, Jumamosi.
Bwana Odindo ameunganisha meza nne
na juu yake njia yote ya Butere:
Kisian ya kadibodi, Maseno ya sponji,
mto Yala ni kioo cha kabati la marehemu mkewe.
Mimi nimepewa kazi moja: kulinda kamba.

Kamba! Nani aliwahi kuiheshimu kamba?
Wa kwanza kaweka soda juu ya Maseno.
Wa pili anauliza bei.
Wa tatu, kwa sauti ya chini: “Na inabeba watu?”

Pale pembeni wastaafu wawili wanakunjiana ngumi
kwa ajili ya behewa linaloenea kiganjani.
“Rangi ilikuwa damu ya mzee!”
“Damu ya mzee gani? Hudhurungi! Mimi nililipanda!”
“Ulijificha chini ya kiti, huna tiketi. Rangi uliionea wapi?”

Mama Awinja anainama mpaka pua inakaribia waya.
“Luanda naiona. Duka la shemeji yangu je?”
Odindo anakuna kichwa, anaomba radhi,
anakata boksi la kiberiti, anajenga papo hapo.
“Mlango unatazama kule,” anasema mama.

Mtoto kapakia ndengu tatu, hakuna aliyemwona.
Treni inaanguka Kisian. Wastaafu wanashangilia.

Inainuliwa, inapanguswa, inaondoka tena,
halafu stima inapotea.
Kimya. Injini imekwama porini, kati ya vituo.
Gizani yule wa damu ya mzee anashusha pumzi:
“Haya. Sasa ndiyo yenyewe.”

Mama Awinja hajaondoka.
Kakumbatia mkoba, anasubiri ifike Luanda.