Baiti Nane

Simu ilikuwa ya Kadeřábek, mfugaji wa Vysočina:
"Lita elfu mbili, bibi. Zote zimechacha. Nimezimwaga shimoni."
Sauti yake haikupanda. Afadhali angefoka.
Bodi yetu, nyembamba kuliko kiberiti,
ndiyo inayolipoza tangi lake la maziwa,
na kila siku ya tatu, alfajiri, inazirai.

Hapa Brno, juu ya meza yangu, haizirai.
Nimeitia joto, nimeitia baridi,
nimeikatia umeme katikati ya hesabu.
Inanitazama kwa taa yake moja ya kijani
kama mtoto aliyekwisha kulamba sukari.

Basi nikafungua menyu ya kiini,
visanduku vitupu, mstari chini ya mstari.
Je, kiini kitangaze kila kinachotenda? Ndiyo.
Je, kila uzi uitwe kwa jina lake? Ndiyo.
Je, kila dai likaguliwe kabla ya kuaminiwa? Ndiyo, ndiyo.
Je, programu ijengwe kwa urefu wake, bila njia za mkato?
Ndiyo. Nikaenda kuchemsha kahawa,
nikarudi nikakuta jibu jekundu:
haienei. Imezidi kilobaiti kumi na tisa.

Kwenye kompyuta kubwa kuona ni bure.
Huku, ndani ya kilobaiti mia na ishirini na nane,
kila jicho unaloongeza linataka sahani yake.

Nikapunguza. Nikaacha matangazo tu,
kiini kisimulie kwa waya: nimeamka, nimepima, nimekoroga.
Siku nane kilisimulia. Siku nane hakikufa.
Radovan, aliyenifunza kazi hii, sasa kastaafu nusu,
alicheka hadi miwani ikamwanguka.
"Umempa mgonjwa gumzo, kasahau kuugua.
Kila neno kwake ni kituo, hapo anavuta pumzi.
Mnyamazishe, uone."

Kunyamazisha, na bado kuona.

Nikazima matangazo. Nikazima ukaguzi wa madai.
Nikabakiza majina ya nyuzi;
mwishoni mwa kila mrundo nikaweka alama moja,
nijue nani kaikanyaga;
na pembeni mwa kumbukumbu, pasipofutwa hata bodi ikiwashwa upya,
duara la baiti mia mbili:
andika, zunguka, andika juu ya ulichoandika.
Kisha nikapanda basi la Žďár, theluji ikigonga vioo.

Zizi lilinuka silaji na klorini.
Kadeřábek alipindua ndoo nikaikalia.
Neno hakunipa.
Saa kumi na dakika kumi na mbili
mashine ya kukamulia ilianza kujiosha,
kikorogeo kikawaka papo hapo,
na taa ya kijani ikasita.
Mbwa mlinzi, ndiyo tunavyoiita ile saa ya ndani
isiyojua lolote ila kuhesabu mpaka ikose kulishwa,
akauma. Bodi ikaamka, haikumbuki kitu.

Duara lilikumbuka.
Nikachomeka waya, nikasoma namba kwa kidole
kilichokufa ganzi: uzi uitwao kikorogeo.
Umevuka mpaka wake kwa baiti nane.
Nane tu, zikatosha kumkanyaga kipimajoto
aliyelala ng'ambo ya mstari.

"Nini?" akauliza.
"Chumba kidogo. Mmoja kabanwa, kampiga teke jirani."
Akamtazama ng'ombe wa tatu kutoka mlangoni,
Stračena, mwenye kovu pajani.
"Hilo hata mimi ningekwambia."

Nikaongeza mrundo baiti sitini na nne. Kazi ya dakika mbili.

Jumatatu, ofisini, nikarudi kwenye menyu kufagia:
bidhaa inayouzwa haibebi macho, ndiyo kanuni yetu.
Nikazima alama. Nikazima majina.
Kishale kikafika kwenye duara, kikawa kinapepesa.
Nje tramu namba nne ilipiga kona ikilia.
Nikawaza shimo la Kadeřábek, weupe ukizama topeni.

Baiti mia mbili.
Nimeziacha. Atakayeona imezidi
aje aniulize.