Yamekosa N

Langobaya, saa nne. Lori limefika na vumbi lake,
na mimi na meza yangu: daftari, kalamu iliyofungwa kamba,
kidau cha wino wa zambarau.
"Kidole," nasema. "Mwingine. Kidole."
Tangu asubuhi sijamtazama mtu juu ya kifundo cha mkono.

Kikaja kidole chenye chaki.
Si chaki ya leo, la, ni ile iliyoingia ngozini
ikakataa kutoka, hata baada ya ubao kuanguka.
Nikakishika nikichovye.
Hakikuchoveka.
"Kalamu naiona," akasema. "Au ni pambo?"

Mwalimu Nyevu wa Kombe.
Chekechea ya makuti, sisi thelathini na makamasi yetu,
ada kibaba cha mahindi, na asiye na kibaba
alikalishwa mbele, asione wenzake wakitoa.
Mimi nilikaa mbele miaka miwili.

Akaandika jina lake lote, na la babake,
y ikiwa na mkia wake, bila haraka,
kisha macho yakapanda hadi juu ya ukurasa,
kwenye kichwa nilichokiandika usiku, kwa tochi:
WANAOPOKEA MAHIDI.

"Kahindi." Sauti ileile. "Mahindi yako yamepungua."
Nikageukia magunia. Akagonga karatasi.
"Yamekosa n. Na wewe n unayo hadi jinani."

Foleni ikacheka, naye akacheka, na mimi,
kwanza kwa aibu, halafu kwa njaa ya kucheka;
misimu mitatu sasa mvua inatupita kama mdeni.

Akaichomeka n mahali pake.
Halafu akalitikisa gunia lake, akasikiliza.
"Na hili nalo lipime.
Ile mizani mmeifunika turubali ya nini? Inasikia baridi?"

Kilo ishirini na tano, gunia limeandikwa.
Ishirini na mbili na robo, ikasema mizani.

Nikainuka, maana kiti kilikuwa kimoja
na tangu asubuhi nimekikalia mimi.
Akakikataa.
"Kaa uandike. Ishirini na mbili na robo.
Na walionitangulia waite, warudi wapimiwe."

Kidau nikakifunika.
Aliyefuata, Ngowa wa Mwaringa, hajui kusoma.
Nikainua macho, nikamwuliza jina,
nikasubiri alitamke lote.