Boza la Jumamosi

Udongo ukikauka hupaa,
ukilowa kupita kiasi huteleza. Bibi yangu Lorna
aliupima kwa kisigino cha kiatu:
kikizama nusu inchi, "Basi, funga bomba."
Hapakuwa na kipimo kingine, wala leo hakipo.

Babu alishindwa na mahindi.
Shamba la bondeni, huku Wisconsin, lilituama maji
miaka mitatu mfululizo; mwaka wa hamsini na tatu
akafunga bapa la chuma nyuma ya trekta, akazunguka,
akazunguka, hata jirani Halvor akaita kutoka uani kwake:
"Alvin, umepotea?"
"Nimepotea," akajibu, "lakini naenda kasi."

Ng'ombe wawili wakageuka nguzo za taa.
Banda la kuku likageuka dirisha la tiketi,
na mpaka leo, siku za joto, noti zinanuka manyoya.
Bendera ya miraba ilikuwa kitambaa cha meza;
walikula juu ya mbao tupu, mama anasema,
hadi Oktoba.
Wanawake wa kilimani wakajifunza kuanua nguo
Ijumaa, si kwa kupenda.

Kona ya tatu ina pengo ukutani.
Mjomba Deloy amekwisha badilisha kila ubao wa uwanja huu
isipokuwa pale alipopita mdogo wake, Roald,
na gari namba kumi na nne, sabini na moja.
Jumamosi iliyofuata bibi alifungua lango saa kumi na moja,
akapanga chenji, akauliza wa kwanza, "Wangapi?"
Wapo ambao hawajamsamehe.
Mimi ningefanya nini, sijui.

Barua ya kampuni ya maghala i kwenye droo ya fyuzi.
Sijaijibu. Sijaichana pia.

Usiku, tela la mwisho likishatoka,
greda hupita polepole kama mtu anayetandika kitanda:
alama za mshindi, alama za aliyepinduka,
zote chini ya bapa moja.
Kesho yake huwezi kujua nani alikuwa nani.
Tunaojua tumebaki wanne,
na Deloy siku hizi huchanganya miaka.

Saa tisa. Jua kali, upepo unatoka kilimani.
Nimekwisha zungusha boza mara sita.
Nashuka, naacha injini ikinguruma,
naweka kisigino.

Bado kidogo.